Pipa la Chumba cha Kumi

Tarehe 6 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Niwie radhi kwa kutanguliza swali kabla ya salamu. Ni swali nililokaa nalo tangu mwaka wangu wa pili chuoni, na kila nikidhani nimelijibu hunirudia limevaa nguo nyingine: katika ua kama wetu, wenye vyumba kumi na bomba moja, mtu hulindwa na ukuta wake au na macho ya jirani yake? Niliandika kurasa mia moja na ishirini kuhusu jambo hilo, nikapewa shahada, na bado sina hakika kwamba nililijibu.

Basi shikamoo, Mama. Magoti yanasemaje? Kifua je? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Ningekupigia simu, lakini sote tunajua kwamba simu na sikio lako havipatani. Miaka ishirini na miwili kando ya mashine ya kusaga ilikuachia sikio moja tu, nalo la kubabaisha. Kwa hiyo nampa barua hii dereva wa lori la vitunguu, kwa kuwa magari ya abiria yamezuiwa na ya mizigo bado yanapita.

Ofisi yetu imeingizwa katika kamati ya ugonjwa huu, nami nimeombwa nipendekeze namna ya kuishi katika nyua zenye watu wengi. Nimeufikiria wetu kwanza. Watu thelathini na wanne hukutana bomba moja kila asubuhi, bega kwa bega, wakicheka mdomo kwa mdomo. Napendekeza hivi. Kila siku mtu mzima mmoja, aliyevaa barakoa na kunawa, awachotee wote. Kila chumba kiweke pipa mlangoni. Mchotaji amimine ndoo mbili, apite. Asigonge, asiingie, asisimame kuzungumza. Wengine wabaki ndani, milango imefungwa, mpaka amalize.

Najua unavyoupenda ule msongamano wa asubuhi. Nakuomba uwasomee wenzako barua hii, na uwe wa kwanza kukubali.

Mwanao

*

Tarehe 14 Aprili

Mwanangu msomi,

Marahaba, tena marahaba mara mbili, moja ni ya ile uliyoichelewesha. Magoti yapo, yanalalamika kama kawaida yao. Kifua ni kizima. Barua yako ilifika inanuka vitunguu mpaka Mama Pacha akauliza kama umenitumia kitoweo.

Niliwasomea wote, nimesimama pale kwenye zege la bomba. Fundi cherehani, unamjua hawezi kunyamaza, akasema, "Mama Mashine, yaani mtoto amesoma miaka yote hiyo aje kutukataza kusalimiana?" Nikamwambia ashone barakoa zake, mambo ya shule awaachie wenyewe. Mama Pacha akasema yeye anakubali, na angekubali hata kama kusingekuwa na ugonjwa, maana foleni ya bomba imemjaza siri za watu hadi hana pa kuziweka.

Mpiga Pasi ndiye aliyeuliza la maana. Unamkumbuka, yule anayeishi peke yake chumba cha kumi, pembeni karibu na vyoo, anayenyoosha nguo za mtaa mzima na shati lake mwenyewe lina makunyanzi kama uso wangu. Akauliza, "Mimi pipa langu nitaliweka wapi? Upande huu mtaro, upande huu ukuta wa choo." Na milango yetu unajua inafunguka kwa nje, maana ikifunguka kwa ndani itagonga kitanda. Fundi akamwambia, "Liweke mbele ya mlango. Asubuhi utalisukuma na mlango wako, utakuwa unafanya mazoezi bure." Tukacheka. Naye alicheka.

Walitaka kunitoa kwenye zamu kwa sababu ya sikio. Nikawauliza, tangu lini maji yakachotwa kwa sikio? Kwa hiyo nimo. Zamu yangu inafuata ya Mama Pacha, na baada yangu ni fundi.

Tumeanza juzi. Ua umekuwa kimya, mwanangu. Mimi kimya nimekizoea, lakini hiki nakiona kwa macho. Unapita na ndoo mbele ya milango kumi iliyofungwa, na unajua ndani kuna watu wanakusikiliza unavyotembea.

Ule. Usijifanye huna muda.

Mama yako

*

Tarehe 22 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara tatu, mara ya tatu kwa ajili ya Mama Pacha na siri zake.

Nilipanga kukuandikia kwamba ujitoe kwenye zamu, kwa umri wako na kwa hilo sikio. Kisha nikajiuliza kama ninakulinda au ninakunyang'anya kazi pekee inayokutoa nje. Sikupata jibu la kuniridhisha, nikaliacha jambo kama ulivyolipanga. Nimeiwasilisha habari ya ua wetu mbele ya kamati, bila kuutaja, kama mfano wa mpango unaotekelezeka. Mwenyekiti alipenda. Aliniuliza ni wangapi wameugua tangu muanze. Nikasema hakuna. Nilijisikia vizuri kulisema hilo, na hapo hapo nikajihadhari na kule kujisikia vizuri, maana siku kumi si muda wa kujivunia.

Niandikie kama kuna yeyote anayekohoa. Hata kikohozi cha vumbi.

Mwanao

*

Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari kulitafuta.

Mpiga Pasi amefariki.

Naandika polepole ili niseme kila kitu kilivyokuwa. Pipa lake linachukua ndoo sita. Jumatatu ilikuwa zamu ya Mama Pacha. Alikuta maji kidogo chini, kama ndoo moja, akamimina mbili, akapita. Jumanne nilikuwa mimi. Nilikuta limefika nusu. Nikafikiri, mtu mmoja ataoga mara ngapi? Nikamimina mbili, nikapita. Jumatano fundi akamimina ndoo ya kwanza, likajaa hadi ukingoni. Ya pili ikamwagika, ikamlowesha miguu. Hapo ndipo aliposimama. Akaita. Akagonga, ingawa uliandika tusigonge.

Kila mmoja wetu alilitazama lile pipa siku moja. Hakuna aliyelitazama siku mbili. Zamani, pale bombani, asipotokea asubuhi moja tungeanza kumsengenya kwamba ameoa kimyakimya, na kabla ya mchana mtu angeshakwenda kuchungulia.

Kulisogeza pipa kulihitaji wanaume wawili. Alikuwa nyuma ya mlango, ameegemea, pasi ya mkaa iko mkononi. Mlango kwa ndani una alama za ncha ya pasi. Ziko chini, usawa wa mtu aliyekaa. Nilianza kuzihesabu, nikaacha. Fundi anasema mgonjwa hawezi kusukuma pipa la nusu, sembuse lililojaa. Komeo lilikuwa wazi, mwanangu. Hakujifungia. Tulimfungia sisi kwa maji tuliyompelekea.

Watu wa afya walikuja na mavazi yao meupe, wakamchukua, wakapulizia dawa chumba na choo na hata bomba. Walisema watatuletea majibu ya kipimo. Hawajaleta.

Sasa na mimi nina swali, ingawa sikufika chuo. Ile Jumanne, nilipokuwa nimeinama namimina, alikuwa anagonga? Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyo karibu na karatasi hii, kilichotutenga ni ubao tu. Mama Pacha ananiambia, "Mama Mashine, usijitese. Hata mimi Jumatatu sikusikia kitu, watoto walikuwa wanalia." Lakini akisema hivyo hanitazami. Anatazama ndoo.

Mama yako

*

Tarehe 15 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Pole. Neno hilo ni dogo mno, ila lingine sina.

Barua yako niliisoma ofisini. Nilikwenda kunawa mikono, nikarudi, nikaisoma tena. Kisha nikafungua karatasi ya mpango na kutafuta mahali ambapo ningesema mlikosea kuutekeleza. Sikupapata. Mlifanya nilivyoandika, neno kwa neno. Neno "asigonge" niliandika mimi. Aliyekuacha kwenye zamu ni mimi pia, wala sitakuruhusu unipokonye sehemu yangu ya mzigo huu.

Ningetamani kukuambia kwamba Jumanne hakugonga, kwamba saa ile alikuwa amelala au ameshapumzika. Siwezi kulisema kwa sababu silijui, nawe ungetambua mara moja kwamba nakubembeleza.

Nina jambo lingine, nami naogopa kuliandika kwa kuwa litafanana na utetezi. Takwimu za mtaa wenu zimefika mezani kwangu. Ua wa ng'ambo ya mtaro, ambao haukukubali mpango wowote, umepata wagonjwa tisa katika juma moja, na watatu wamefariki. Nyinyi mmempoteza mmoja. Mtu mwenye haraka angesema hesabu imejieleza. Mimi nakumbuka kwamba ua ule hauna bomba lake, watu wake hutoka kwenda kuchota kwa wengine, na wanalala sita chumba kimoja. Haufanani na wetu kiasi cha kulinganishwa. Kwa hiyo sijui kama mpango wangu uliwaokoa thelathini na watatu, au ulimuua mmoja, au ulifanya yote mawili kwa mkono uleule.

Hata hivyo nakuomba, tena nakuomba kama mtoto: ugonjwa umefika mlangoni kwenu, jifungie. Mapipa yaondolewe mbele ya milango, hata kama la chumba fulani litakaa uani. Mchotaji agonge na asubiri kujibiwa. Wewe utoke kwenye zamu. Nimeomba kibali cha kusafiri nije nikuchukue, wamekataa mara mbili. Nitaomba tena. Mpaka nitakapofika, kaa ndani, Mama. Funga mlango wako.

Mwanao

*

Tarehe 24 Mei

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na yale ya mzigo nimeyaelewa. Haya, tushike kila mtu upande wake, tusigombanie.

Ua ulikutana, kila mtu amekaa kizingitini kwake. Fundi alikuwa anapaza sauti kama mnadi wa mitumba, na Mama Pacha akinirudishia maneno kwa mikono. Ya mapipa tumekubali, yote yako uani. Ya kugonga pia. Lakini wameongeza lao: saa ya maji kila mtu anakaa mlangoni kwake, barakoa usoni, anamwinulia mchotaji mkono. Asiyeinua mkono, zamu inasimama mpaka ajulikane yuko wapi. Najua utasema hiyo ni kuwakusanya watu tena. Tuko hatua nne nne, nimezipima kwa miguu yangu mwenyewe.

Ya kufunga mlango nimekataa. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Nilifunga usiku mbili baada ya barua yako. Mtu anayesikia akiwa ndani, dunia inaingia kwake kupitia ubao: nyayo, kikohozi, redio ya jirani. Kwangu mimi mlango ukifungwa hakuna kinachoingia. Nikawa nalitazama komeo. Nikawa nainuka kuusukuma nione kama bado unafunguka. Asubuhi ya tatu nikamwita fundi aje na bisibisi. Akaniuliza, "Mama Mashine, unahama?" Nikamwambia nataka hewa. Akaung'oa wote, na bawaba zake. Sasa umelala chini ya dirisha, nimeupanga masufuria.

Kuna jambo nilitaka kulificha, ila wewe hukunidanganya, nami nisikudanganye. Tangu Alhamisi nakohoa. Chumvi sijui imekwenda wapi, kila ninachoweka mdomoni ni kama nimelamba ukuta. Joto linakuja jioni. Wote wanajua, maana hakuna mlango wa kunificha. Mama Pacha ananiwekea uji kizingitini, anarudi nyuma hatua nne, anakunja mikono na kunitazama mpaka nimalize. Jana nikamwambia, "Wewe, umepata pacha wa tatu?" Akacheka, na safari hii alinitazama.

Namwogopea yeye kuliko ninavyojiogopea. Nikitaka ninaweza kumwambia asije. Sijamwambia. Hilo nalo nalifikiria.

Usiniandikie kwamba nifunge. Kufungiwa nimekuona.

Mwandiko umeanza kulala, hata mimi nauona. Nitapumzika kidogo.

Mama yako

*

Tarehe 20 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu uliponiandikia, na sijui kama mbili za kwanza zilikufikia. Dereva anasema mtaa umezungushiwa kamba tangu mwisho wa Mei, hakuna gari linaloingia. Barua anamkabidhi askari, askari anaitia ndani ya sanduku pamoja na nyingine, sanduku linapuliziwa dawa, na kutoka hapo yeye hajui. Nilimpigia simu fundi cherehani. Ilikuwa ikiita bila kupokelewa. Tangu wiki iliyopita haiiti hata. Kibali changu kimekataliwa mara ya nne.

Nikueleze yaliyotokea hapa, kwa kuwa una haki ya kuyajua.

Kamati imeupitisha mpango wangu. Kuanzia Jumatatu utatumika katika nyua mia nne. Niliambatisha ukurasa kuhusu chumba cha kumi: pipa, mlango unaofunguka kwa nje, zamu iliyofanya kila jicho lione siku moja tu, alama za pasi. Mwenyekiti aliusoma kwa makini, sitamsingizia kwamba alidharau. Akaniambia, "Dada, huyu ni mtu mmoja kati ya thelathini na wanne, na kipimo chake hakikurudi. Hatujui hata alikufa kwa nini. Ungekuwa mahali pangu ungeacha nyua mia nne zisongamane bombani kwa sababu ya alama za mlangoni?" Nilisema sijui. Akasema, "Basi tusaidie kwa unalolijua."

Nilimweleza habari ya kuinuliana mkono mlangoni. Aliuliza kama imefanya kazi. Nikajikuta siwezi kujibu kabla sijapata barua yako, na hapo, Mama, nilijiona. Wiki nne nimekuwa nikisimama dirishani kungoja lori, na sehemu fulani ndani yangu imekuwa ikikungoja kama mtafiti anavyongoja tokeo. Ukipona, milango ing'olewe. Usipopona, ifungwe. Nilikugeuza mstari katika jedwali. Sijui nikuombe radhi vipi kwa jambo ambalo pengine hutalisoma.

Nimetia saini leo asubuhi. Ningekataa, wangetafuta saini nyingine, na ukurasa wa chumba cha kumi ungeondoka pamoja nami. Ndivyo ninavyojiambia, na nakiri kwamba mtu anayetaka tu kubaki kazini angejiambia hivyo hivyo. Juu ya saini niliandika kwa mkono kwamba pipa lisikae mbele ya mlango, na kwamba mchotaji agonge, asubiri, asiondoke mpaka auone uso. Mwenyekiti alisema sentensi hiyo itaongeza saa mbili katika kila zamu, watu watalalamika. Karatasi ilipelekwa kuchapwa mchana. Sikuiona ilivyotoka.

Swali langu la chuoni nakurudishia bila jibu. Nilidhani kinachonikwamisha ni uchache wa takwimu, kwamba nikipata nyua za kutosha zinazofanana nitaweza kuamua. Sidhani hivyo tena. Ukuta ulimzuia Mpiga Pasi asiwaambukize, kama alikuwa na cha kuambukiza, na ukuta huohuo ulimzuia asiombe maji aliyokuwa ameyaegemea. Macho ya Mama Pacha yanakulisha, na huenda yanambeba yeye na watoto wake kuelekea kule uliko. Hata ukiniandikia kesho kwamba umepona, sitajua ni kitu gani kilikuponya. Na usiponiandikia, sitajua kama ungekuwepo endapo ungenisikiliza, ukabaki nyuma ya ubao ambao kwako hauruhusu kitu kuingia. Kila njia nyingine ingehitaji Mama mwingine wa kuijaribu, nami nilipewa mmoja.

Kama mkono wako bado unashika kalamu, niandikie neno moja, lolote. Kama haushiki, mwambie Mama Pacha aandike. Kama naye hawezi, basi yeyote anayekaa kizingitini saa ya maji.

Lori linaondoka na barua hii Jumatatu saa moja asubuhi, saa ileile nyua mia nne zitakapofunga milango yao kwa mara ya kwanza.

Mwanao